Kwenye Picha, Msitu wa Mau ni Mwekundu

Ukifungua picha za zamani za setilaiti za Msitu wa Mau, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni rangi. Msitu si wa kijani. Ni mwekundu, wekundu wa nyama mbichi buchani, na mashamba yanayouzunguka ni ya kijivu na samawati kama majivu ya jana. Hakuna aliyepaka rangi ovyo. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili litengeneze chakula chake, kisha hurudisha juu mwanga mwingine ambao jicho la binadamu haliuoni, unaoitwa infraredi. Setilaiti inauona. Ili nasi tuuone, wataalamu waliamua kuupa rangi nyekundu kwenye picha. Kwa hivyo palipo na wekundu mwingi pana majani mengi. Palipo na kijivu, pamekatwa, pamelimwa au pamejengwa.

Nimezitazama picha hizi kwa miezi kadhaa sasa, nikiwa Roysambu, mara nyingi usiku. Huhitaji kibali cha mtu yeyote. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya shirika la serikali ya Marekani linalozihifadhi, unaandika namba ya eneo, njia 169, safu 60, na sehemu kubwa ya Mau, Nakuru na Baringo inajitokeza. Hii hapa ya 1986. Hii ya 1995. Hii ya 2000, hii ya 2010, hii ya juzi tu. Unaziweka moja juu ya nyingine, unazipitisha haraka haraka, na unaona wekundu ukirudi nyuma upande wa mashariki kama shuka linaloliwa na mchwa.

Hii ni historia ya picha hizo: zilipigwa vipi, zilifikaje mikononi mwetu, na zilifanya nini zilipofika. Kwa maana zilifanya mambo mawili. Zilisaidia kuzuia Mau usiishe kabisa. Na zilitumiwa katika hoja ya kuwafukuza watu waliokuwa ndani ya msitu huo kabla ya sheria yoyote ya Kenya kuuita msitu wa serikali. Ukisimulia la kwanza ukaacha la pili, umesimulia nusu.

Tuanze juu, halafu tushuke.

Watu wengi wa rika langu wakisikia neno setilaiti wanafikiria Taifa-1, ile iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Lakini habari zetu na anga ni za kitambo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, jukwaa la San Marco. Kwa sababu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Yaani ilipaa kutoka pwani yetu ikiwa na jina letu, halafu ikatupa mgongo na kuangalia mbali.

Jicho lililoangalia chini lilikuja miaka miwili baadaye. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Ilibeba vifaa viwili vya kupiga picha. Kimoja kilikuwa kamera za mfano wa televisheni, na hicho ndicho kilichotarajiwa kufanya kazi kubwa. Cha pili kilikuwa mashine yenye kioo kinachoyumba kushoto na kulia, kinachofagia ardhi mstari kwa mstari huku kikipima mwanga katika mafungu manne: kijani, nyekundu na mawili ya infraredi. Mashine hii ilibuniwa na mhandisi mwanamke, Virginia Norwood, na wapo walioona ni nyongeza tu. Haukupita muda kamera zile zikapata hitilafu ya umeme na kuzimwa. Nyongeza ikawa ndiyo kazi yenyewe, na kwa miaka mingi baadaye setilaiti za Landsat zilifuata njia yake.

Ilizunguka kwenye urefu wa takriban kilomita 900, ikirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18. Picha moja ilifunika upana wa kilomita 185. Ili kuelewa iliona nini, fikiria ploti. Picha ya setilaiti ni kama mkeka uliofumwa kwa vipande vidogo vya mraba, na kila kipande kina rangi moja tu. Kwa Landsat 1 kipande kimoja kilikuwa na upande wa karibu mita 80, kama ekari moja na nusu. Nyumba haikuonekana. Lori la mbao halikuonekana. Mti mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, ulimezwa na wenzake. Landsat 5, iliyorushwa Machi 1984, ilipunguza kipande hadi mita 30, ambazo ni sawa na ploti mbili hivi za hamsini kwa mia. Setilaiti hiyo ilitengenezwa ifanye kazi miaka mitatu. Ikafanya hadi 2013. Kama kuna shahidi aliyeona karibu kila kitu kilichotokea Mau, ni huyo.

Hata shahidi huyo alikuwa na tatizo: mawingu. Mau huleta mvua, na penye mvua pana mawingu, na mawingu huziba jicho. Ndiyo maana picha nyingi nzuri za Mau ni za Januari na Februari, wakati wa kiangazi, mahindi yameshavunwa na mashamba yako uchi. Mtu asiyejua hilo anaweza kulinganisha picha ya Januari na picha ya Juni na kufikiri msitu umekua, kumbe ni mahindi yamestawi.

Picha zilikuwepo, lakini kuwepo si kupatikana. Mwaka 1975 kituo cha kikanda cha upimaji na ramani kilianzishwa Nairobi, kile ambacho leo kinaitwa RCMRD na kiko Kasarani, umbali wa kutembea kutoka ninapoishi. Katikati ya miaka hiyo ya sabini serikali pia ilianzisha kitengo cha KREMU, kilichotumia ndege ndogo kuhesabu wanyamapori na mifugo katika nyanda kame huku kikijifunza kusoma picha za setilaiti. Leo ni idara ya serikali inayoitwa DRSRS. Kwa hivyo wataalamu tulikuwa nao. Shida ilikuwa bei. Katika miaka ya themanini Marekani ilikabidhi uuzaji wa picha za Landsat kwa kampuni binafsi, na picha moja ikafika zaidi ya dola 4,000. Baadaye ikashuka hadi dola 600. Hata hiyo, nani angeilipa? Mwanafunzi wa Egerton, chuo kilicho mlangoni mwa Mau, hakuwa na hizo pesa. Shirika dogo la mazingira halikuwa nazo. Mwanakijiji ambaye msitu ulikuwa ukikatwa mbele ya macho yake hakujua hata kama kuna picha yake inayouzwa ng'ambo.

Hii ni hoja ninayorudi kwayo kila mara. Kuanzia 1972 ushahidi wa ardhi yetu ulikuwa ukikusanywa kila baada ya siku 18, baadaye kila baada ya siku 16. Lakini kabati lilikuwa Marekani, na ufunguo uliuzwa kwa dola. Ilipofika 2008 Marekani ilifungua kabati lote bure. Kufikia hapo mengi yalikuwa yameshatendeka.

Yapi hayo?

Mau si msitu mmoja. Ni misitu kadhaa iliyoshikana juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, jumla yake takriban hekta 400,000, mkubwa kuliko mnara mwingine wowote kati ya minara mitano mikuu ya maji nchini. Mingine ni Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na Cherangani. Mto Mara unatoka huko. Sondu, Njoro na Ewaso Ng'iro ya Kusini pia. Wale nyumbu unaowaona kwenye video wakivuka mto Maasai Mara huku watalii wakipiga mayowe, wanavuka maji ya Mau. Ziwa Nakuru linategemea Mau. Umeme wa Sondu Miriu unategemea Mau. Chai ya Kericho inategemea unyevu wake.

Na ndani yake waliishi Waogiek, wawindaji na wafuga nyuki. Wakoloni waliwaita Dorobo, jina lililotokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, na machoni mwao mtu asiye na ng'ombe wala shamba hakuwa na ardhi. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, maarufu kama Tume ya Carter, ilipendekeza waondolewe msituni na kuchanganywa na makabila makubwa. Serikali ya kikoloni ikaufanya msitu kuwa hifadhi yake, ikakata miti ya asili katika sehemu nyingi na kupanda misipresi na misonobari kwa ajili ya mbao. Baada ya uhuru, serikali mpya iliurithi mpango huo kama ulivyokuwa.

Picha ya 1986 inaonyesha Mau Mashariki ikiwa bado nyekundu karibu yote. Katika miaka ya tisini mambo yalibadilika. Serikali ilianza kugawa ardhi ya huko. Maelezo yaliyotolewa yalisikika vizuri: kuwapa makao Waogiek na wasio na ardhi. Lakini mgao haukuishia kwao. Watu walioletwa kutoka wilaya nyingine walipata, na wakubwa wa serikali na marafiki zao walipata zaidi, mashamba makubwa makubwa. Miaka ya tisini ilikuwa ya uchaguzi wa vyama vingi, na ardhi ya umma ilikuwa pesa ya kampeni isiyohitaji benki. Kufikia 2000, kwenye picha, kona za mraba zimeshajitokeza mahali ambapo palikuwa na wekundu mtupu. Maumbile hayachori mraba. Ukiona mstari ulionyooka msituni, jua rula imepita.

Kitu ambacho watu husahau ni kwamba sehemu kubwa ya ukataji huu ulihalalishwa baada ya kutendeka. Mwaka 2001 serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba inatoa zaidi ya hekta 61,000 za Mau kwenye orodha ya misitu. Zaidi ya nusu ya Mau Mashariki ilikwenda kwa kalamu. Karibu robo ya Mau Kusini Magharibi nayo ikaenda. Anayetazama picha anaona miti ikiondoka kidogo kidogo kwa miaka. Anayesoma gazeti la serikali anaona ikiondoka siku moja. Na amri ya kuzuia ukataji wa miti katika misitu ya serikali, iliyotolewa mwaka 1999, iliziachia kampuni chache kubwa ziendelee kukata. Mama aliyebeba kuni mgongoni alikamatwa. Lori lenye kibali lilipita.

Wakenya hawakukaa kimya. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa akijaribu kupanda miti Karura, hapa hapa Nairobi. Mwaka huohuo Shirika la Wanyamapori la Kenya lilifanya uchunguzi wa Mlima Kenya kwa ndege, likihesabu tanuri za makaa, mashamba ya bangi na visiki. Matokeo yakaaibisha serikali, na mwaka uliofuata msitu wa mlima huo ukawekwa chini ya shirika hilo. Hapo ndipo wanaharakati wa mazingira walipopata somo: ukimwambia waziri kwamba msitu unaisha, atakwambia unachochea. Ukimwekea picha mezani, itabidi atafute uongo mwingine.

Kwa hivyo picha za Mau zikaanza kutoka maabara na kuingia kwenye siasa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, lilishirikiana na mashirika ya hapa kulinganisha picha za setilaiti za minara mitano ya maji. Mwaka 2008 likachapisha atlasi ya mabadiliko ya mazingira barani Afrika, na 2009 ikafuata ya Kenya peke yake: kurasa kwa kurasa za picha mbili mbili, zamani na sasa. Mwaka huohuo wa 2009 jopokazi lililoundwa na Waziri Mkuu kuhusu Mau lilitoa ripoti yake. Ilisema kwamba katika muda wa miaka 15 hivi, zaidi ya hekta 107,000, takriban robo ya msitu wote, zilikuwa zimevamiwa au kugeuzwa kuwa kitu kingine. Ripoti ilichapisha pia majina ya waliogawiwa mashamba makubwa. Watu walisoma ile orodha kama matokeo ya mtihani.

Nadhani bila picha hizo jopokazi lingebaki kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu mwingine. Picha zilifunga mjadala wa kama msitu unapungua. Hilo ni jambo kubwa na sitalidharau. Lakini mjadala mmoja ulipofungwa, mwingine ulijificha nyuma yake: nani aliupunguza, na nani alipe?

Waliolipa kwanza hawakuwa wale wa kwenye orodha. Tayari mwaka 2005 maelfu walikuwa wamefurushwa Maasai Mau, upande wa Narok. Oktoba 2009 Waogiek na wakaaji wengine walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni. Kufikia mwisho wa mwaka huo familia zilizotoka Mau Kusini Magharibi zilikuwa zikilala kwenye mahema ya mifuko ya plastiki kando ya barabara. Mwaka 2018 ikawa tena zamu ya Maasai Mau, na 2019 wakaaji waliobaki wakapewa siku 60. Baadhi ya waliofukuzwa walikuwa na hati miliki mkononi, zenye muhuri wa serikali ileile iliyowafukuza. Walikuwa wamenunua, au waliuziwa hewa. Kwa mtoto anayelala nje tofauti haionekani.

Sasa fikiria picha ya setilaiti ya sehemu hiyo. Shamba la ekari 2 la mjane aliyeuziwa na dalali ni la kijivu. Shamba la ekari 500 la mkubwa mmoja ni la kijivu. Mahali Mwogiek alipofyeka kidogo kupanda viazi, baada ya kunyimwa kuwinda, ni kijivu. Kijivu ni kijivu. Setilaiti haioni hati wala haioni ukoo, na haijui nani alitangulia. Inaonyesha kidonda vizuri kabisa, lakini aliyeshika kisu haonekani. Na katika nchi hii, kisu kisipoonekana, lawama humwendea aliye karibu na asiye na wakili.

Hoja ya serikali kuhusu Waogiek ilikuwa kwamba lazima waondoke ili msitu na vyanzo vya maji vihifadhiwe. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 majaji waliamua kwamba Kenya ilikiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Sehemu ninayoipenda zaidi ya hukumu hiyo ni pale mahakama ilipoangalia ushahidi wa uharibifu wenyewe. Haikukana kwamba msitu umeharibika. Ilisema kwamba ripoti zilizopo, ikiwemo ile ya jopokazi, zinaonyesha chanzo kikuu ni uvamizi wa makundi mengine, ugawaji wa serikali yenyewe na vibali vya ukataji vilivyotolewa bila busara. Yaani karatasi zilezile zilizotumika kujenga hoja ya uhifadhi ndizo zilizowasafisha Waogiek, baada ya mtu kuzisoma hadi mwisho. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru serikali iwalipe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, na iwapimie na kuwapa hati za ardhi ya mababu zao. Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena, huko Sasimwani, Narok.

Niliwahi kwenda Mariashoni, upande wa Nakuru, nikiwa na picha hizi kwenye simu. Mzee mmoja mfuga nyuki alikubali tukae naye nje ya nyumba yake. Nilimwonyesha ya 1986 na ya karibuni, nikamweleza habari ya ile rangi.

"Kwa hivyo hii nyekundu ni miti?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee. Ni miti."

"Miti gani?"

Nikamwambia picha haisemi.

Akachukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, akaweka kidole mahali palipokuwa pekundu kwenye picha zote mbili. "Hapa, kijana wangu, ni sipresi. Ilipandwa, ikakatwa, ikapandwa tena. Nyuki hana kazi na sipresi. Mzinga wangu nachonga kwa mtarakwa, na nyuki wangu wanataka miti ya maua. Hiyo iliisha hapa zamani, nikiwa mtoto. Sasa picha yako inasema hapa hakuna kilichobadilika?"

Ndivyo inavyosema. Ni nyekundu 1986, ni nyekundu leo. Jani la chai ni jekundu pia. Mashamba ya chai yaliyo ukingoni mwa Mau yanang'aa kwenye picha kuliko msitu wa asili wenyewe. Wataalamu wanajua hilo, na wana mbinu za kutenganisha chai na msitu, sipresi na miti ya asili. Lakini mbinu hizo zote zinaanzia mahali pamoja: lazima mtu ashuke, aende pale, aangalie mti na kuandika jina lake, ndipo kompyuta ifundishwe. Kama hakuna aliyekwenda, au aliyekwenda hakumuuliza mwenye mizinga, kompyuta inakisia.

Swali la mzee si la mapambo. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilitangaza kwamba eneo lenye miti limefika asilimia 12.13. Eneo lenye misitu lilikuwa asilimia 8.83. Soma tena: miti ni namba moja, msitu ni namba nyingine. Mwisho wa 2022 ukaja mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 ili asilimia ifike 30. Nani atahesabu? Kwa sehemu kubwa, setilaiti. Na kwa jicho la juu, mkaratusi uliopandwa juzi kwa ajili ya nguzo za stima na mti wa asili wenye umri wa babu ya babu yangu vinaweza kuingia kwenye hesabu moja. Tunaweza kufikia asilimia 30 huku nyuki wa Mariashoni wakiwa hawana pa kwenda.

Sisemi picha ni mbaya. Mimi ni mtoto wa picha hizi. Leo kuna setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, zinazopita kila baada ya siku tano hivi zikiwa na vipande vya mita 10, na ni bure. Ploti moja ya hamsini kwa mia sasa ni vipande karibu vitano. Mtu akifyeka ekari moja msituni Jumatatu, kijana aliye Roysambu, Kisii au Narok anaweza kuiona kabla ya mwezi kuisha, mawingu yakiruhusu. Wazazi wetu walipokuwa wakipigwa mabomu ya machozi kwa ajili ya Karura hawakuwa na kitu kama hiki. Waliopanga ugawaji wa miaka ya tisini walitegemea jambo moja: kwamba hakuna atakayekumbuka mstari wa msitu ulikuwa wapi. Mchezo huo umekwisha. Faili la wizara linaweza kupotea. Picha ya Januari 1986 ina nakala kila mahali, nyingine iko kwangu.

Ila kumbukumbu hiyo ni ya mimea tu. Mwaka wa kijivu unaupata kwenye picha. Sahihi iliyouleta unaipata kwenye gazeti rasmi la serikali na rejista ya ardhi, na hizo bado si rahisi kuzipata kama picha za Marekani. Jina la mti unalipata kwa wale waliokuwa pale. Kazi ya kuviweka vitu hivyo pamoja haifanywi na chombo chochote kinachozunguka dunia. Ni kazi ya watu wenye viatu vya matope na subira ya kukaa na karatasi, na kizazi chetu kina watu hao.

Kwa hivyo ukiona mahali picha mbili zimewekwa sambamba, ya zamani nyekundu na ya sasa kijivu, halafu chini yake maneno kwamba wananchi wamevamia msitu, usimalizie hapo. Uliza tarehe ya picha ya pili. Halafu tafuta gazeti la serikali la miaka iliyotangulia hiyo tarehe, usome nani alipewa nini, na nani aliweka sahihi.